Orodha sita tupu, na kwa nini uandike mipangilio kwa mkono kwanza

Kijana mmoja wa Mbale ameniandikia juzi: "Kaka, nimeipa programu miji mitatu inipangie kwa kila namna, inatoa orodha sita tupu. Python imeharibika?" Haijaharibika, ndugu yangu, lugha hiyo ya kuandikia programu iko salama. Tena umekaribia, maana sita ndiyo hesabu yenyewe: 3 × 2 × 1. Kilichokuponza ni mstari mmoja, nitaufikia.

Mimi rekasheni, yaani programu kujiita yenyewe kwa tatizo dogo zaidi, nilijifunza kwa hasira. Ofisi moja hapa Kampala iliniita kwenye usaili, wakanipa neno nitoe kila mpangilio wa herufi zake. Nikaandika mstari mmoja wa itertools.permutations, msimbo wa tayari kwenye maktaba ya Python unaotoa mipangilio yote, nikaweka kalamu chini. Mmoja wao akacheka: "Kuita maktaba hata mwanangu anajua. Andika mwenyewe." Kazi nikaikosa. Na bado nasema jibu langu lilikuwa sahihi. Hakuna mteja anayelipia kitu kuandikwa upya wakati kimo ndani ya Python tangu toleo la 2.6. Ila kile kicheko kilinikaa kooni. Usiku huo nikachukua karatasi, nikaanza na Jinja, Mbale, Gulu.

Chagua mji wa kwanza. Kwa iliyobaki, uliza swali lilelile. Miji ikiisha, umepata mpangilio mmoja. Uweke, rudi hatua moja nyuma, jaribu mwingine.

```
def panga(miji, njia, zote):
    if not miji:
        zote.append(njia[:])
        return
    for i in range(len(miji)):
        njia.append(miji[i])
        panga(miji[:i] + miji[i+1:], njia, zote)
        njia.pop()
```

Tazama njia[:]. Kijana wetu aliandika njia peke yake. Orodha hiyo ni moja tu kwenye kumbukumbu. Ukiiweka mara sita bila kuinakili, umeweka kitu kilekile mara sita, na pop ya mwisho (amri inayoondoa mji wa mwisho kwenye orodha) ikishapita, zote ni tupu. Yale mabano ya mraba yenye nukta mbili ndiyo yanayotoa nakala.

Hili huwezi kulielewa kwa kutazama video, usinidanganye. Chora. Andika Jinja juu, chini yake Mbale na Gulu, na kila pop inapopita futa jina kwa raba. Karatasi ikichafuka, vizuri.

Mwaka huu hasira ile imenilipa. Hajati mmoja wa Kikuubo, hapa Kampala, anapeleka bidhaa kwa lori la Fuso hadi Jinja, Mbale, Soroti, Lira na Gulu, kisha gari linarudi Kampala. Alitaka njia fupi kuliko zote. Mipangilio 120, jibu likatoka papo hapo: kwenda kwa Jinja na kurudi kwa Karuma, au kinyume chake, urefu ni uleule. Dereva wake akachungulia skrini: "Mbona hiyo ndiyo naiendesha siku zote?" Tukacheka wote, mimi kidogo kuliko wengine.

Hajati alilipa, kisha akataka miji 12. Hapo ndipo nilipojiona fundi, kwa sababu nilikataa kabla sijafungua laptopu. Miji 12 ina mipangilio 479,001,600. Ukiirundika yote kwenye orodha moja, kumbukumbu ya mashine ya kawaida haitoshi. Ukitumia yield, neno la Python la kutoa jibu moja moja bila kurundika, utaipata mmoja mmoja, lakini utasubiri. Na akiongeza mji wa 13, zidisha kwa 13. Wapo wanaohofia kikomo cha kawaida cha Python, cha programu kujiita ngazi 1000. Miji 12 inashuka ngazi 13 tu, kinachokuua ni wingi.

Kwa hiyo vijana wenzangu, piga faktoria (zidisha namba zote kutoka 1 hadi idadi ya miji) kabla ya kutaja bei. Andika kwa mkono, chora, halafu kazini tumia itertools bila aibu. Anayekucheka akucheke, wewe chora.

Kijana wa Mbale, ukishaweka nakala, ipe programu herufi za MASAKA. Itatoa mistari 720, lakini iliyo tofauti kweli ni 120, kwa kuwa A ziko tatu na programu inazihesabu kwa nafasi zake. Ifanye itoe 120 bila kutumia set, mkusanyiko wa Python usiorudia kitu. Ukikwama nitumie msimbo wenyewe, siyo picha ya skrini.