Jibu: Kamba wanakufa wiki ya tatu, nichanganye antibiotiki kwenye chakula?

Pole sana ndugu, hasara ya namna hii inauma. Kabla ya kununua dawa, mshike kamba aliyelegea umwangalie kwenye mwanga. Ule mstari wa utumbo mgongoni ukiwa mtupu, na ini lake kichwani limesinyaa na kupauka, tena ukilibonyeza kwa vidole halipondeki kirahisi, shuku bakteria aitwaye Vibrio parahaemolyticus, wa aina yenye sumu. Huyu hushambulia hasa ndani ya siku 35 za mwanzo tangu kupandikiza vifaranga bwawani. Peleka sampuli maabara wathibitishe kwa PCR, yaani kipimo cha vinasaba.

Antibiotiki usiguse. Vibrio wengi wameshakuwa sugu, kamba mgonjwa hali hicho chakula chenye dawa, na masalia hubaki kwenye nyama.

Shida kubwa huwa sakafuni mwa bwawa. Chakula kinachobaki huoza pale, na vibrio hustawi humo. Tumbukiza sinia la kulishia, ulichungulie baada ya saa mbili. Ukikuta mabaki, punguza kipimo cha chakula siku hiyohiyo. Tope livute litoke.

Msimu ujao, ukitibu maji kwa klorini usipandikize haraka. Maji yaliyouliwa kila kiumbe hutawaliwa upesi na vibrio, maana huzaliana haraka mno. Yaache yakomae, ongeza bakteria wema wa jamii ya Bacillus, ndipo uweke vifaranga vilivyopimwa.

Kwa sasa, maji ya bwawa hilo usiyafungulie nje kabla ya kuyatibu, na wavu wake usiingie bwawa jingine.