Boga la Halloween: Vifaa vya Kuandaa Kabla ya Kuchonga

Halloween ni sherehe ya tarehe 31 Oktoba, ambapo watu huchonga sura kwenye boga na kuweka taa ndani yake. Boga hilo huanza kuharibika dukani, wewe usijue. Kabla ya kulipa, ligeuze ulibonyeze kitako kwa kidole gumba. Pakibonyea, liache, uozo umeshaanza. Kikonyo kiwe kigumu, na usilibebe kwa kukishika, maana kikikatika hapo ndipo ukungu unapopata mlango. Aina ya Howden, maarufu sana Marekani kwa kuchongwa, ina nyama ya nyuzinyuzi na majimaji. Usiitarajie ikupe futari ya maana.

Visu vya jikoni viache kabatini. Ubapa mpana hubanwa na nyama ya boga. Unavuta kwa nguvu, kisu kinachomoka ghafla, na mkono ulioshikilia boga ndio unaochanika. Tumia msumeno mwembamba wa meno madogo, ule wa pakiti za vifaa vya kuchongea maboga zinazouzwa Oktoba. Kwa kufungulia kifuniko, msumeno mdogo wa mafundi jipsamu unafaa zaidi, kwani ule wa pakiti hupinda kwenye nyama nene. Weka tayari pia kijiko kigumu cha aiskrimu, maka peni, selotepu, pini ndefu, magazeti ya kutandika na mabakuli mawili, moja la mbegu na jingine la utumbo, yaani nyuzi za ndani ya boga.

Kifuniko kikate kwa mshazari, ncha ya msumeno ikielekea katikati ya boga. Ukikata wima, kikisinyaa kidogo tu kitatumbukia ndani. Chonga na pengo dogo pembeni ili ujue kinakaa upande gani.

Sasa kukomba, na hapa ndipo wengi wanapofanya haraka. Upande utakaochongwa sura ukombe mpaka ukuta ubaki kama sentimita 2.5. Pima kwa kuchoma pini kutokea ndani, mahali patakapokatwa. Ukuta mnene hukwamisha msumeno na kuziba mwanga. Mwembamba mno hunywea, na meno yote ya mdomo hujikunja kwa ndani siku ya pili. Endelea kukomba mpaka kijiko kisilete nyuzi tena, kwa sababu nyuzi mbichi ndizo zinazoanza kuoza.

Bandika mchoro wa karatasi kwa selotepu, utoboe mistari yake kwa pini kila baada ya milimita 3 au 4. Ukiutoa, pakaza unga wa ngano kwenye ganda: matundu yatajitokeza meupe. Anza na vipande vidogo vya katikati, mdomo mkubwa uwe wa mwisho, kwani kila tundu linapunguza nguvu ya ukuta.

Boga lililochongwa hudumu siku chache tu, kwa hiyo lichonge tarehe 29 au 30 Oktoba. Changanya kijiko kimoja cha mezani cha blichi na lita 4 za maji, nyunyizia ndani na kwenye mikato, kisha lipindue likauke. Blichi usiichanganye kamwe na siki. Hutoa gesi ya sumu. Likikauka, paka mikato mafuta mazito ya mgando yasiruhusu maji kutoka. Ukishapaka, weka taa ya betri badala ya mshumaa, maana mafuta hayo yanaweza kushika moto.

Mbegu usizitupe. Zioshe, zikaushe kabisa kwa taulo, zikoleze mafuta na chumvi, uzioke kwa nyuzi 170 za Selsiasi kwa dakika 20 hivi, ukizigeuza mara mbili. Zikiingia na maji zitaiva kwa mvuke na kubaki ngumu kutafuna.