Mwanao Aingie Kwenye Faili Kabla Hujapata Makazi ya Kudumu

Nilikaa Australia mwaka mmoja na miezi minne bila binti yangu. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka saba. Kila Jumapili tukipigiana simu alikuwa na swali lake lile lile: "Mama, karatasi zimefika wapi?" Sehemu ya muda ule ilikuwa foleni ya serikali, na hiyo sikuwa na uwezo nayo. Lakini miezi mitano niliipoteza mwenyewe kwa kusikiliza ushauri ambao nasikia watu wangali wanapeana mpaka leo: "Subiri kwanza upate makazi ya kudumu, mtoto utamleta baadaye." Nimeona niandike, maana mzazi mwenye viza ya muda akiutii ushauri huo bila kujua sheria inasemaje, mtoto ndiye anayeulipia.

Nianze na jinsi mambo yenyewe yalivyo. Ukiolewa au ukioa raia au mkazi wa kudumu wa Australia, viza ya mwenzi huja kwa hatua mbili. Aliyeomba akiwa nje hupata kwanza ya muda, namba 309, halafu ya kudumu, namba 100. Aliyeomba akiwa ndani huanza na 820, akamalizia na 801. Kwa kawaida hatua ya pili huanza kuangaliwa miaka miwili baada ya siku uliyotuma maombi. Katika kipindi hicho cha kungoja ndipo inapokuja viza ya mtoto tegemezi, namba 445. Ni viza ya muda. Inamruhusu mtoto kuishi nawe, kusoma, kutoka na kurudi nchini, huku faili lako la makazi ya kudumu likishughulikiwa.

Sasa shika mpangilio huu, kwa sababu mambo mengine yote yanauzunguka. Mtoto anapewa 445 wewe ukiwa bado na viza ya muda. Akishaipata, anaombewa kuingizwa kwenye ombi lako la kudumu kabla halijaamuliwa. Kisha mnapata makazi ya kudumu pamoja. Viza yako ya kudumu ikitoka wakati ombi la mtoto bado liko mezani, 445 haiwezi kutolewa tena, kwa kuwa huna tena ile viza ya muda ambayo ya kwake iliiegemea. Hapo itabidi uombe upya viza ya mtoto, namba 101 akiwa nje au 802 akiwa ndani, na ulipe ada nyingine. Hiyo nayo ni njia halali kabisa, ila foleni inaanza upya. Siku ambayo ungepaswa kushangilia inageuka siku ya kumweleza mtoto kwamba bado.

Kuna hali moja ambapo ningekubali usubiri: miaka yako miwili imekwisha, nyaraka zote za hatua ya pili umeshatuma, na kila dalili inaonyesha jibu liko karibu. Hapo kulipia 445 kunaweza kuwa kutupa fedha. Lakini kama una mwaka mzima mbele yako kama nilivyokuwa mimi, usikae hata wiki moja. Na kama hujatuma ombi lako la kwanza kabisa, mwingize mtoto humo humo tangu mwanzo. Hata kama hutasafiri naye, mtaje. Fomu inauliza watoto wako wote, waliomo safarini na wasiokuwemo. Mtoto uliyemficha leo utaulizwa habari zake kesho, na maswali hayo hayana jibu zuri.

Mimi kwenye ombi langu la kwanza binti yangu nilimtaja, ila sikumwombea viza humo, na sababu ilikuwa moja tu: baba yake. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa wengi wetu ndipo tunapokwama.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka 18, serikali ya Australia inataka ushahidi kwamba kila mwenye haki ya kisheria ya kuamua mtoto aishi wapi amekubali. Kuna fomu ya ridhaa, namba 1229, ambayo mzazi anayebaki huijaza na kuambatanisha nakala ya kitambulisho chenye sahihi yake. Vinginevyo ulete amri ya mahakama inayokupa wewe malezi na ruhusa ya kumhamisha, au cheti cha kifo kama mzazi huyo amefariki. Kusema "hajamtunza tangu azaliwe" hakutoshi, hata kama ni kweli tupu.

Mimi na baba wa mtoto tulikuwa hatujazungumza kwa miaka mitatu. Nilimtumia ujumbe mrefu wenye madai yote ya zamani, na mwishoni nikaomba sahihi. Hakujibu, na nikiusoma ujumbe ule leo naelewa kwa nini. Aliyeokoa jambo ni dada yake mkubwa, shangazi wa binti yangu. Nilimpigia nikamsalimu vizuri, nikamweleza shida yangu bila kumsema vibaya mdogo wake. Akaniambia, "Mwanangu, hicho unachokitaka ni sahihi au ni kesi? Chagua kimoja." Nikachagua sahihi. Ilibainika kwamba yule bwana aliogopa kuwa akitia sahihi atakuwa amemkana mtoto. Tulipomweleza kwamba fomu inahusu ruhusa ya viza na haimwondoi ubaba wake, na nikamwandikia kwamba simu yangu iko wazi kwake kila Jumapili, alisaini ndani ya wiki mbili. Ahadi ile ya Jumapili naitimiza mpaka leo.

Kama kwako mazungumzo hayawezekani, au ni hatari, nenda mahakamani mapema huko mtoto aliko. Amri ya mahakama inachukua muda, na muda ndio kitu usichokuwa nacho.

Jambo la pili lililonisumbua ni cheti cha kuzaliwa. Binti yangu aliandikishwa akiwa na miaka minne. Cheti kilichotolewa miaka mingi baada ya mtoto kuzaliwa huamsha maswali, na afisa akibaki na shaka anaweza kupendekeza kipimo cha DNA. Niliambatanisha kadi ya kliniki yenye tarehe za chanjo, barua ya shule na picha za miaka tofauti. Kipimo hakikuhitajika. Nyaraka zisizo za Kiingereza zitafsiriwe, na kama unatafsiria Australia tumia mfasiri aliyeidhinishwa na NAATI, shirika linaloidhinisha wafasiri huko.

Vipimo vya afya hufanywa kwa daktari aliyeteuliwa na serikali yao, si hospitali yoyote. Kuanzia miaka 11 mtoto hupigwa picha ya kifua. Wadogo zaidi wanaotoka nchi zenye kifua kikuu kingi huchunguzwa kwa njia nyingine kuanzia miaka miwili. Akiwa na miaka 15 au zaidi hupimwa pia virusi vya UKIMWI. Mweleze kabla ya siku yenyewe, asikie kutoka kwako. Kuanzia miaka 16 anahitaji cheti cha polisi.

Mdhamini naye anahusika. Anayemdhamini mtoto ni yule yule anayekudhamini wewe, yaani mwenzi wako, na kama mtoto ana chini ya miaka 18 mdhamini huyo lazima alete cheti chake cha polisi. Mwambie mwenzi wako mapema, asije akaona anashukiwa. Na kama nyumba ina ugomvi au unapigwa, usinyamaze kwa hofu ya viza. Sheria ya viza za mwenzi ina vifungu vya kumlinda aliyefanyiwa ukatili. Tafuta mwanasheria kabla hujatoka kwenye ndoa au kuandika chochote kwa Idara ya Mambo ya Ndani, inayoshughulikia viza.

Mtoto aliyetimiza miaka 18 bado anaweza kufaa, ila lazima ionekane kwamba chakula, mavazi na malazi yake vinatoka kwako, na kwamba hana mume, mke wala mchumba. Tunza risiti za kutuma fedha. Mimi nilikuwa nazifuta kwenye simu ili kupata nafasi, usifanye hivyo.

Ada hubadilishwa kila tarehe 1 Julai, kwa hiyo iangalie kwenye tovuti ya Idara yenyewe, wala usichukue ya jirani aliyelipa mwaka juzi. Na yeyote atakayekutoza kwa ushauri wa uhamiaji Australia awe mwanasheria au wakala aliyesajiliwa. Orodha ya mawakala iko wazi mtandaoni; tafuta jina lake kabla hujampa hata senti.

Miaka yangu miwili ilitimia ombi la binti yangu likiwa na miezi saba. Idara iliponiambia nitume nyaraka za hatua ya pili, nilizituma pamoja na barua fupi: nina mtoto, ombi lake la 445 namba hii liko kwenu, naomba msiamue langu kabla ya lake. Barua hiyo niliiweka pia kwenye faili la mtoto, kwa sababu mafaili mawili ya familia moja yanaweza kuwa mikononi mwa maafisa wawili wasiojuana.

Viza yake ilitoka mwezi wa kumi tangu tutume. Alifika Alhamisi usiku, amelala begani kwa mama yangu aliyemsindikiza. Jumatatu yake, kabla hata hajajua swichi ya taa ya chumba chake iko wapi, nilikaa naye mezani tukatuma ombi la kumwingiza kwenye faili langu. Jina lake aliliandika mwenyewe, herufi moja moja, akaniuliza kama sasa karatasi zimefika.

Nikamwambia zimefika.