Mfalme asiye na ngome

SWALI: Ndugu mhariri, nimeupitia mchezo wa kwanza wa pambano la ubingwa wa dunia wa sataranji (chess) la mwaka 2000 kati ya Garry Kasparov na Vladimir Kramnik. Kufikia hatua ya nane malkia wote wameliwa, mfalme mweusi yuko d8 (mraba wa safu ya d, mstari wa nane) na hawezi tena kujificha nyuma ya ngome (kuhamia pembeni pamoja na ngome kwa hatua moja), na vitunda vyake viwili (kete ndogo za mbele) vimefuatana katika safu ya c. Nilifundishwa kwamba yote hayo ni makosa. Kramnik aliyakubali kwa nini?

JIBU: Ulifundishwa vyema, ila kanuni hizo hudhani kwamba malkia wangali ubaoni. Huo ni Ulinzi wa Berlin, tawi la ufunguzi wa Kihispania (mpangilio wa hatua za kwanza ambamo mweupe hupeleka askofu b5) ambamo mweusi hujibu askofu wa b5 kwa farasi wa f6, kisha humla kitunda wa e4. Malkia wakishatoka, mfalme aliye katikati hana wa kumtisha sana. Katika mchezo unaoutaja alitembea taratibu hadi c8 akatulia.

Gharama halisi iko kwenye vitunda. Upande wa ubao anakoanzia mfalme, mweupe ana vitunda vinne dhidi ya vitatu, na ubao ukibaki na wafalme na vitunda tu, kwa kawaida mweupe hushinda, kwa kuwa vitunda vya mweusi vilivyofuatana haviwezi kuzaa kitunda huru (kisicho na kitunda cha adui cha kukizuia njiani) kwa urahisi. Kwa hiyo mweusi hana haraka ya kubadilishana kete. Fidia yake ni maaskofu wawili, pamoja na kile kitunda cheupe cha e5, ambacho kinaonekana cha kutisha lakini kimeiacha miraba myeupe ya e6 na f5 bila ulinzi imara, hasa kwa kuwa askofu mweupe wa miraba hiyo amekwisha kutolewa. Farasi mweusi hukaa f5 kwa raha. Akihofia farasi huyo kufukuzwa na kitunda wa g4, mweusi husogeza kitunda chake cha safu ya h hadi h5.

Kasparov alikutana na ulinzi huu mara nne katika pambano hilo, na zote zikaisha sare. Kramnik alishinda michezo miwili aliyocheza na kete nyeupe, wa pili na wa kumi, akatwaa taji kwa pointi 8.5 dhidi ya 6.5. Kwa maoni yangu, alichomnyima mpinzani wake ni mashambulizi yenye malkia, ambayo Kasparov aliyamudu kuliko yeyote.

Kabla hujaujaribu, panga ubao ulivyo baada ya hatua ya nane, ucheze upande wa mweupe kwanza.