Wasomaji Wauliza: Kumpeleka Mama Milima ya Ngong

SWALI: Mhariri, mimi ni mkazi wa Mombasa. Mwezi wa Januari nitakwenda Nairobi kwa siku nne pamoja na mama yangu na binti yangu wa miaka 9. Mama ana miaka 64, ni mwalimu mstaafu wa jiografia, na kwa miaka mingi aliwachorea wanafunzi Bonde la Ufa ubaoni bila kupata kulitazama kutoka juu hata siku moja. Anatembea vizuri, ila goti moja humsumbua anaposhuka ngazi. Tumesikia kwamba Milima ya Ngong ina njia inayopita juu ya mgongo wa milima, na kwamba ukiwa huko huonekana Mlima Kenya na Kilimanjaro. Je, matembezi hayo yanatufaa, na tuyapange vipi?

JIBU: Yanawafaa, kwa sharti kwamba msiifuate njia yote. Wengi huanzia lango la kaskazini, juu ya mji wa Ngong, na kuishia Kona Baridi upande wa Kiserian, mwendo wa takriban kilomita 10 ambao kila kilele ukishakipanda hukushusha tena kabla ya kukupandisha kinachofuata. Goti la mama yako halina haja ya kushuka kote huko. Ingieni kwa lango hilo la kaskazini, mfike kilele cha pili au cha tatu, kisha mrudi kwa njia ile ile. Kwa mwendo wa taratibu, pamoja na kupumzika, tengeni muda wa saa tatu.

Uamuzi wa kugeuka ufanyeni mkiwa juu ya kilele, kabla hamjateremka kuelekea kinachofuata, kwa kuwa kila mteremko mtakaoushuka mkienda utawangoja kuwa mlima mkirudi. Mama ashike bakora, ashuke kwa hatua fupi, na asiharakishwe na mtu yeyote, hata na mjukuu wake.

Kuhusu mnachokwenda kukitazama, ningependa mama yako aende akiwa na tumaini lililo sahihi. Mlima Kenya huonekana upande wa kaskazini-mashariki na Kilimanjaro upande wa kusini-mashariki, lakini ni siku za anga safi tu, na aghalabu asubuhi na mapema, kabla joto la mchana halijakusanya mawingu. Ikiwa safari yote itategemea vilele hivyo viwili, huenda akarudi na huzuni isiyo ya lazima. Bonde la Ufa, kwa upande mwingine, liko chini ya miguu yenu, na ndilo hasa la kuliendea. Milima ya Ngong ni mabaki ya volkeno ya kale ambayo upande wake wa magharibi ulikatika na kuzama wakati bonde lilipokuwa likifunguka, na ndiyo sababu leo tunaona mgongo mrefu mahali ambapo zamani palikuwa na mlima mmoja. Kutoka juu, ardhi inashuka zaidi ya mita 1,000 kuelekea magharibi. Mwalimu akitazama kaskazini-magharibi ataweza kumwonyesha mjukuu wake Suswa na Longonot, ambazo nazo ni volkeno, na kusini-magharibi Mlima Olorgesailie. Kisha akigeuka mashariki ataiona Nairobi na mbuga yake. Somo alilolifundisha kwa chaki atasimama juu yake, na kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kuwa sababu ya safari.

Januari ni mwezi mzuri, kwa kuwa mvua za vuli huwa zimekwisha na za masika bado. Julai, kinyume chake, mawingu mazito yanaweza kuufunika mgongo wote siku nzima. Hata hivyo, msipande siku mtakayowasili. Kilele cha juu kabisa kina mita 2,460, ambako shinikizo la hewa limepungua kwa karibu robo likilinganishwa na lile la Mombasa, na mtu aliyetoka pwani jana yake huanza kuhema mapema kuliko alivyotarajia. Laleni Nairobi usiku mmoja au miwili kwanza.

Baridi nayo msiidharau. Joto hupungua kwa takriban digrii 6 kila unapopanda mita 1,000, na juu ya hapo kuna upepo usiokoma. Mitambo ya umeme wa upepo ilisimikwa hapo hapo mwaka 1993, na mtaipita iliyopo sasa mwanzoni mwa njia. Kila mmoja avae jaketi la kuzuia upepo na viatu vya raba vyenye nyayo zinazoshika. Bebeni pia kofia na maji ya kutosha, kwa kuwa mgongo ni wa nyasi tupu na jua halina kizuizi. Chupa ya chai na mahamri vitawafaa zaidi mkivila kwenye kilele kuliko mkiviacha garini.

Matatu za namba 111 zinafika mji wa Ngong kutoka katikati ya Nairobi, lakini kutoka hapo mpaka langoni ni mlima mkali, kwa hiyo kodini teksi ili nguvu za mama zisiishie barabarani. Langoni mtalipa kiingilio kwa Huduma ya Misitu ya Kenya, na hapo ombeni kusindikizwa na askari wa misitu, kwa maana kumewahi kutokea uporaji katika milima hiyo na kundi la watu watatu ni dogo.

Ikiwa mvua itanyesha usiku wa kuamkia safari, ahirisheni, kwa sababu udongo wa njia hugeuka utelezi na utelezi ndio adui mkubwa wa goti. Na ikiwa siku zote nne zitakataa, msimrudishe mwalimu Mombasa hivi hivi. Mchukueni kwa gari kupitia Kiserian mpaka Kona Baridi, kwenye barabara ya Magadi, ambapo Bonde la Ufa hufunguka mbele yako hatua chache tu kutoka mlango wa gari.