Mshauri wa bure Kampala

Dada, umeuliza mdogo wako wa Katwe, aliyezama kwenye huzuni tangu afiwe na mume, apate wapi mshauri bila pesa. Waulizie StrongMinds, shirika linalosaidia wenye sonona, yaani huzuni nzito isiyoisha; wako Uganda tangu 2014 na hawatozi. Si vidonge, ni kikundi: wanawake wanakaa pamoja kila wiki, wanachambua chanzo, iwe msiba, ugomvi wa nyumbani, mabadiliko ya maisha au upweke. Njia yenyewe ilijaribiwa vijijini Masaka na Rakai, ikapunguza sonona kweli. Mwanzoni atanyamaza tu, mwache.

Ila akianza kutaja kufa, usingoje kikundi. Mpeleke Butabika leo leo. Ni hospitali ya serikali ya magonjwa ya akili, na maneno ya majirani yasikuzuie.