Kipato cha kaya katika kaunti moja kwa miaka thelathini

SWALI: Ndugu Mhariri, ninaishi katika jimbo la Minnesota, Marekani, katika kaunti yenye watu wapatao 30,000. Jumuiya yetu inaomba ruzuku, na waombaji tunatakiwa kuonyesha jinsi kipato cha kaya ya katikati (ile yenye nusu ya kaya chini yake na nusu juu yake) kilivyobadilika katika kaunti tangu 1989. Nimechukua takwimu za sensa ya 1990 na ya 2000, kisha nikaziunga na zile za ACS, utafiti wa kaya unaoendeshwa kila mwaka na Ofisi ya Sensa, kwa matoleo yake ya miaka mitano mitano, toleo moja kwa kila mwaka. Mstari niliouchora unapanda taratibu bila hata kutikisika mwaka 2009, wakati viwanda vilipokuwa vikipunguza watu. Nimekosea wapi?
Msomaji, Minnesota

JIBU: Ndugu msomaji, mstari usiotikisika umekupa dokezo zuri. Kila nukta uliyoichora kutoka ACS ni mchanganyiko wa majibu yaliyokusanywa kwa miezi sitini, kwa hiyo toleo la 2014–2018 na lile la 2015–2019 yana miaka minne ya pamoja, na tofauti kati yake inatokana hasa na mwaka ulioachwa na mwaka ulioingizwa. Msukosuko wa 2009 haukupotea. Umesambazwa katika matoleo matano, na kila toleo limebeba kipande chake. Ofisi ya Sensa ya Marekani yenyewe huwashauri watumiaji walinganishe vipindi visivyoingiliana, kwa mfano 2005–2009, 2010–2014 na 2015–2019. Utabaki na nukta tatu tu, lakini kila moja itakuwa inasimama kwa miguu yake.

Takwimu kamili za mwaka mmoja mmoja za ACS huchapishwa kwa maeneo yenye watu 65,000 au zaidi, na kaunti yenu haifikii hapo. Hata hivyo, Ofisi hiyo ina mpango mwingine uitwao SAIPE, ambao hutoa kadirio la mediani ya kipato cha kaya, yaani kipato cha kaya ya katikati, kwa kila kaunti, kubwa kwa ndogo, na kwa maoni yangu huo ndio unaokufaa zaidi. Mpango huo huchukua majibu machache ya mwaka mmoja yaliyopatikana katika kaunti, ukayaweka kando ya makisio yanayotokana na kumbukumbu za kiutawala, zikiwemo fomu za kodi ya mapato, kisha ukayapima yote mawili: pale sampuli ilipo kubwa, majibu ya kaya huwa na uzito zaidi, pale ilipo ndogo, makisio ya kumbukumbu ndiyo hubeba mzigo. Makadirio ya kaunti yanapatikana kila mwaka tangu 1997. Angalia tu mpaka wa 2004 na 2005, kwa kuwa tangu 2005 mpango huo unategemea ACS badala ya utafiti uliotumika awali, na kuruka au kushuka kwa mstari mahali hapo kusisomwe kama habari ya kaunti.

Sensa ya 1990 iliuliza kipato cha mwaka 1989, na ya 2000 kipato cha 1999. ACS huuliza miezi kumi na miwili iliyotangulia siku ya mahojiano, hivyo kaya iliyohojiwa Januari 2019 inaeleza karibu mwaka 2018 wote. Tofauti hii ni ndogo, lakini itajwe chini ya mchoro.

Kuhusu thamani ya dola, nadhani hapa ndipo penye kosa kubwa zaidi, maana hukusema kama umeondoa mfumuko wa bei. Fahirisi ya bei za walaji kwa miji ya Marekani ilikuwa 166.6 mwaka 1999 na takriban 255.7 mwaka 2019. Kaya iliyopata dola 40,000 mwaka 1999 ingehitaji kama dola 61,400 mwaka 2019 ili ibaki palepale. Takwimu za sensa hizo mbili ni za dola za wakati wake, ilhali kila toleo la ACS la miaka mitano huwekwa katika dola za mwaka wake wa mwisho. Badilisha zote ziwe za mwaka mmoja kabla ya kugusa kalamu.

Mwisho, usiache ukingo wa makosa (kiasi ambacho kadirio linaweza kupotoka juu au chini kwa kuwa limetokana na sampuli), ambao ACS huutoa kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 90. Tuseme kipindi kimoja kina dola 52,000, kuongeza au kupunguza 4,000, na kinachofuata kina 55,000, kuongeza au kupunguza 5,000, baada ya kurekebisha bei. Ukingo wa tofauti hupatikana kwa kuzidisha kila ukingo kwa wenyewe, kujumlisha, kisha kutafuta kipeuo cha pili: ni kama 6,400. Ongezeko la 3,000 limo ndani ya ukingo huo, kwa hiyo katika maombi yenu andikeni kwamba takwimu hazionyeshi badiliko lililo wazi, hata kama mstari kwenye karatasi unapanda.